Kipandikizi cha presha ya macho: kichorwe upya kwa mgonjwa ambaye hawezi kurudi kliniki kila wiki

Mhandisi_Rongai

Wakuu habari zenu. Nataka tuongee juu ya presha ya macho, lakini si upande wa dawa, ni upande wa kile kidude daktari anapandikiza kwa jicho dawa zikishindwa. Nasomea uhandisi wa vifaa vya hospitali hapa Nairobi, mradi wangu wa mwisho ni huo, na mjomba wangu wa Kawangware yuko na kimoja kwa jicho la kushoto saa hii tunavyoongea, kwa hivyo hii maneno imenigusa pande zote mbili.

Kwa ambao hawajui. Jicho linatengeneza maji yake ndani, si machozi, ni maji ya ndani kabisa, kama mikrolita 2 na nusu kila dakika, na yanatakiwa kutoka kupitia kona ndogo pale konea, kile kioo cha mbele ya jicho, inapokutana na ile sehemu yenye rangi. Hiyo kona ikikataa kupitisha, ni kama tangi la plot ambalo ovaflo imezibwa na maji bado inaingia. Presha ya kawaida ni kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki, ikipanda inaua neva inayobeba picha kwenda kwa ubongo, inaanzia pembeni pole pole bila maumivu, na kilichokufa hakirudi hata ufanyiwe opereshini na daktari bora duniani. Unachookoa ni kile kimebaki.

Sasa kipandikizi. Kitu wengi hawajui ni kwamba hiki kidude kama tunavyokijua leo kimezaliwa hapa hapa Afrika. Mwanzo wa karne ya 20 madaktari wa Ulaya walishajaribu kupitisha nywele ya farasi na uzi wa hariri kwa jicho ili maji yafuate, ikashindikana, juu mwili unafunga ile ncha ya nje na kovu na mchezo unaishia hapo. Miaka ya 60 daktari mmoja wa Cape Town, Anthony Molteno, akaliangalia hilo kovu kwa njia tofauti. Akasema kovu litakuja tu, hatulizuii, basi tuunganishe mrija na bamba dogo la plastiki chini ya ngozi nyembamba inayofunika weupe wa jicho, kovu likizunguka bamba litakuwa limetuachia nafasi ndani, maji yaingie humo na yachujwe pole pole kupitia ukuta wa hilo kovu. Akachapisha 1969, baadaye akahamia New Zealand akaendelea na kazi hiyo. Karibu kila kipandikizi kikubwa kinachotumika leo ni mtoto wa wazo hilo.

Na hapo ndipo shida inapoanza, manake kovu ndilo linaloshikilia presha, lakini kovu halipo siku ya kwanza. Ukimaliza opereshini leo mrija uko wazi na hakuna kitu mbele yake. Mrija wa kawaida wa silikoni una tundu la karibu milimita 0.3, nimepiga hesabu, kwa mrija wa milimita 10 na maji ya jicho hilo tundu linazuia chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita moja ya zebaki. Ni sawa na kusema halizuii kitu. Jicho linaweza kuisha maji, presha inaanguka chini ya 5, tabaka za nyuma zinavimba, mtu anaweza kupoteza kuona kwa sababu ya tiba yenyewe.

Dunia imejibu kwa njia mbili. Kipandikizi cha Baerveldt, cha 1990, kina bamba kubwa la milimita za mraba 350 na hakina vali, yaani mlango mdogo wa kudhibiti maji, kwa hivyo daktari anaufunga mrija kwa uzi unaoyeyuka, wiki 5 au 6 hivi, kovu lijijenge kwanza. Kingine, Ahmed, iliyopitishwa Marekani 1993, ina bamba la 184 na vali ya vipande viwili vya silikoni inayofunguka presha ikifika karibu 8, hiyo inafanya kazi kuanzia siku ya kwanza. Tafiti mbili kubwa zilizozilinganisha, zikijumlishwa baada ya miaka 5, presha ya wastani ilikuwa karibu 16 kwa Ahmed na karibu 13 kwa Baerveldt, lakini Baerveldt ndiyo ilikuwa na kesi nyingi zaidi za presha kuanguka sana.

Msimamo wangu ni huu, na naomba mnipinge mkiwa na hoja. Vyote viwili vimechorwa vikiwa vinamwona mgonjwa anayeishi dakika 20 kutoka kwa daktari wake. Ule uzi ukiyeyuka unayeyuka ghafla, siku ambayo hakuna anayeijua, na mgonjwa anaweza kuwa Mwingi shambani kwa mama yake. Ahmed nayo wiki ya 3 mpaka ya 6 hivi presha mara nyingi inapanda tena, na bila kupimwa huwezi jua, juu haiumi. Kifaa chetu kinatakiwa kijitunze chenyewe miezi mitatu ya kwanza.

Mzee_wa_Kayole

Kijana, Mungu akubariki. Mimi natumia matone miaka mingi, timolol asubuhi na jioni na ile nyingine ya usiku ambayo kabla hujaifungua inatakiwa ikae kwa friji. Watu wanasema mgonjwa hatumii dawa, hawaulizi hiyo friji inatoka wapi, na chupa ikiisha tarehe 20 mshahara uko tarehe 5. Naomba kujua, mtu anafikaje hadi kuwekewa hicho kidude, na je, hakuna kitu katikati?

Mhandisi_Rongai

Mzee wangu, shukran. Katikati kuna laser, ile ya kupiga kwenye kona yenyewe maji yanapotokea, hakukatwi kitu. Na hapa kuna utafiti wa jirani zetu wa kutia moyo, ulifanyika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, ukachapishwa 2021, waligawa wagonjwa wa presha iliyoshapanda sana, wengine laser wengine timolol, baada ya mwaka mmoja macho 61 kwa 100 ya upande wa laser yalikuwa yamefikia lengo, upande wa timolol 31 kwa 100. Muulize daktari wako wazi wazi kama wewe unafaa, usiache matone kabla ya kuongea naye. Kipandikizi kinakuja mara nyingi baada ya dawa, laser, na ile opereshini ya kawaida ya kufungua kijidirisha kushindwa, au pale daktari anaona kijidirisha kitafungwa na kovu.

Sista_Theatre

Mimi ni nesi wa theatre ya macho, sitaji wapi. Nimesoma mazungumzo yote na nafurahi mtu wa uhandisi anauliza haya, lakini wacha nikuambie vile mambo yanaonekana kutoka meza yangu.

Kwanza vali. Ile Ahmed ukiitoa kwa pakiti vile vipande viwili vimeshikana, lazima daktari asukume maji kupitia mrija kwa kanula nyembamba mpaka uone tone likitoka upande wa bamba, bila hivyo umepandikiza kitu kilichofungwa. Halafu bamba linashonwa milimita 8 mpaka 10 nyuma ya ukingo wa konea kwa uzi usioyeyuka, mrija unakatwa ncha kwa mshazari ikiangalia juu ili isinyonye ile sehemu yenye rangi, tundu la kuingilia linatobolewa kwa sindano ya namba 23, mrija unaingizwa, unafunikwa na kiraka. Hicho kiraka ndicho kinaninyima usingizi. Kwa kawaida ni kipande cha ngozi nyeupe ya jicho la aliyejitolea, au utando wa moyo uliotayarishwa kiwandani, na siku hakipo daktari anachimba njia ndefu ndani ya ukuta wa jicho la mgonjwa mwenyewe. Kope inasugua hapo kila ukipepesa, na baada ya muda wengine wanarudi mrija umetokeza juu, unauona kwa macho, na hapo mdudu anaweza kuingia mpaka ndani.

Pili, wewe unataka tundu dogo lishike presha. Sawa, lakini siku ya kwanza na ya pili jicho lina damu na utando wa protini, vitu vinavyonata. Tundu dogo linaziba. Hilo umelifikiria?

Tatu, na hili lisikuudhi, unaweza kuchora mrija bora duniani na bado kovu likaja nene baada ya miezi sita na presha ikarudi 28. Watu wetu wanatengeneza kovu kwa nguvu, daktari yeyote wa macho hapa atakuambia.

Mhandisi_Rongai

Sista haliniudhi hata kidogo, hii ndiyo niliyokuja kutafuta.

Tuanze na tundu. Upana wa tundu unaingia kwenye hesabu mara nne, yaani ukipunguza upana kwa nusu ukinzani unapanda mara 16. Kwa mrija wa milimita 10, tundu la mikromita 70 linakupa kama 4 ya presha, la 60 linakupa kama 7, la 50 linakupa karibu 15. Angalieni hapo, kati ya 60 na 50 ni mikromita 10 pekee, unywele wa mtu unakuwa na 50 mpaka 100 hivi, na presha imejizidisha mara mbili. Chembe nyekundu ya damu ina mikromita 7 au 8, kwa hivyo moja moja zinapita, tatizo ni zikishikana na ule utando kama ulivyosema.

Kuna waliokwenda njia hii tayari. Kile kimrija cha kule Miami, Microshunt, kina tundu la 70 na urefu wa milimita 8.5, kimetengenezwa kwa plastiki laini iliyotumika kwanza kufunika stenti, vile vimrija vya kufungua mishipa ya moyo. Ile gel stent, kimrija cha gelatini, ina tundu la 45. Lakini hizo hazina bamba, zinategemea dawa ya kuzuia kovu iwekwe wakati wa opereshini, na kwa jicho ambalo limeshashindwa mara moja mimi siziamini sana. Kipandikizi cha Paul cha Singapore kimebaki na bamba kubwa ila kimepunguza mrija, nje ni milimita 0.467 badala ya 0.63, na hiyo inajibu swali lako la kope, mrija mwembamba unainua ngozi kidogo zaidi. Ila tundu lake ni 0.127, kwa hesabu yangu halifiki hata nusu ya milimita moja ya zebaki, kwa hivyo lenyewe peke yake halizuii maji siku ya kwanza.

Wazo langu, njia mbili ndani ya mrija mmoja. Ya kwanza nyembamba, ya mikromita 55 mpaka 60, iko wazi tangu siku ya kwanza na ndiyo inashika presha isianguke. Ya pili pana, lakini imejazwa plastiki inayoyeyuka mwilini, ile ya nyuzi za kushonea, iyeyuke kuanzia ncha kwenda ndani kwa miezi mitatu badala ya kukatika siku moja. Kovu linapozidi kuwa nene, njia inazidi kufunguka. Na kama ile nyembamba itaziba siku ya pili, presha inapanda kama kawaida ya mrija uliofungwa na mgonjwa anaendelea na matone yake mpaka ya pili ifunguke, hatujampoteza.

AbdiEastleigh

Assalam aleikum. Hiyo gelatini umetaja imetoka kwa mnyama gani? Mama yangu anaweza kuhitaji hii opereshini na hili kwetu ni jambo zito.

Mhandisi_Rongai

Waaleikum salaam kaka Abdi. Ile gel stent ni gelatini ya nguruwe. Vipandikizi vya bamba nilivyotaja, Ahmed na Baerveldt na Paul, ni silikoni na plastiki, hakuna mnyama ndani yake. Kiraka cha juu ndicho cha kuuliza, juu kinaweza kutoka kwa binadamu aliyejitolea, na kuna njia ya kutokitumia kabisa kama sista alivyoeleza. Mwambie daktari mapema, si asubuhi ya opereshini, awe na muda wa kupanga, na kama mama ana wasiwasi na shekhe wenu aulizwe pia. Kwa mtu anayechora kifaa cha kutumika Nairobi na Garissa na Mombasa hili ni sharti la kuandikwa ukurasa wa kwanza, halafu mengine yafuate.

Oti_Molds

Mimi niko Industrial Area, kazi yangu ni mold za plastiki, vifuniko na vitu vidogo vya famasi. Nimekuwa nasoma kimya lakini hiyo namba ya mikromita 10 imenitoa. Buda, hakuna mashine ya kuvuta mrija ninayoijua mimi itakushikia tundu la 55 bila kuyumba, kiasi cha 3 au 4 juu na chini ni cha kawaida, na wewe umesema tu hiyo inabadilisha presha vibaya. Utatupa mirija mingi kuliko utakayotumia na bei itapanda mpaka iwe ile ile ya kuagiza.

Lakini angalia hesabu yako tena. Upana unaingia mara nne, urefu unaingia mara moja tu. Kwa nini upigane na upana? Vuta mrija vile mashine inaweza, pima kila kipande kinapitisha maji kiasi gani, halafu kata urefu mpaka kifike namba unayotaka. Kipande chenye tundu pana kidogo kiache kirefu, chenye tundu jembamba kikate kifupi. Urefu unaweza kukata kwa sehemu ya kumi ya milimita bila mashine ya bei.

Mhandisi_Rongai

Oti hii ni kubwa. Tundu la 57 badala ya 55 ukinzani unashuka kama 13 kwa 100, basi unaongeza urefu kutoka 10 hadi karibu 11.5 na umerudi pale pale. Kuna shida moja, daktari anakata ncha ya mrija akiwa theatre kulingana na jicho, kwa hivyo ile sehemu nyembamba tunayoikata kwa kipimo haiwezi kuwa upande wa jicho, lazima iwe upande wa bamba, ikae ndani ya bamba lenyewe ambapo hakuna mkasi utafika. Naona hata ni bora, tunaweza kuizungusha ndani ya bamba iwe ndefu tunavyotaka na tundu tuliongeze kidogo, 70 kwa mfano na urefu wa milimita 25 hivi inakupa 9 na kitu, na tundu pana zaidi linapunguza hofu ya sista ya kuziba.

Shikoo_K

Swali la mtu wa pesa. Hii si itagharimu mamilioni kabla hamjawekea hata mgonjwa mmoja? Si mnakili tu iliyopo mfanye ya bei nafuu?

Mhandisi_Rongai

Shikoo, kunakili kumefanywa na kumesaidia watu, na nawaheshimu sana waliofanya. Aurolab ya Madurai, India, kiwanda kilichozaliwa 1992 kutoka hospitali za Aravind, walitoa kipandikizi chao mwaka 2013 kilichofuata umbo la Baerveldt 350, bei yake ni ya dola makumi badala ya mamia. Hao hao ndio walioshusha bei ya lenzi ya mtoto wa jicho kutoka zaidi ya dola 100 hadi karibu 10. Na hapa kwetu usidhani haiwezekani, Kilifi kuna Revital wanatengeneza sindano za hospitali. Lakini bei nafuu na umbo lile lile inamaanisha pia uzi ule ule unaoyeyuka ghafla, na mgonjwa yule yule akiwa mbali.

Kuhusu haraka, naomba tusiharakishe. CyPass, kimrija kilichopitishwa Marekani 2016, kilionekana kizuri kwa miaka miwili. Mwaka wa tano wakahesabu chembe za nyuma ya konea, zile zinazoiweka konea iwe angavu, wakakuta zinapungua haraka kwa waliowekewa, na Agosti 2018 kampuni ikakitoa sokoni dunia nzima. Jicho ni la mtu kwa maisha yake yote.

Sista_Theatre

Hapo umesema. Na mimi naongeza, mrija ukikaribia konea hizo chembe zinakufa hata kwa hivi vya kawaida, kwa hivyo mrija wako mwembamba uwe laini lakini usiwe mlegevu, daktari akiuingiza ukijikunja ukagusa konea umerudi kule kule. Na bamba nalo usilisahau. Zile za zamani za Ahmed zilikuwa plastiki ngumu, za sasa ni silikoni inayojikunja, macho yanatulia haraka zaidi. Bamba likicheza cheza kila jicho linapogeuka, kovu linazidi. Ukizungusha hiyo njia yako ndani ya bamba, utaliongezea unene na ugumu. Hilo ulipime.

Mhandisi_Rongai

Nimelipokea sista. Nitajaribu njia iwe imechorwa kwenye tabaka mbili nyembamba za silikoni zilizogandishwa pamoja badala ya mrija uliozamishwa, na ukingo wa bamba ubaki mwembamba.

Oti, kama uko tayari, tuanze na kupima kwenye benchi, haihitaji mashine ya bei. Presha ya 9 ni sawa na maji yaliyosimama sentimita 12 na kidogo, kwa hivyo chupa ya maji safi yaliyochujwa tunaining'iniza sentimita 12 juu ya mrija, yote yawe kwenye joto la 37 juu maji baridi ni mazito na yatatudanganya. Mtiririko wa jicho ni mikrolita 2 na nusu kwa dakika, hiyo ni gramu 0.15 kwa saa, mzani wa maabara unaosoma elfu moja ya gramu unatosha, tukifunika kikombe maji yasiruke. Vipande vinavyozidi 0.15 ni vifupi mno kwa tundu lake, vinavyopungukiwa vikatwe kidogo virudi kwa mzani. Niletee mirija yoyote ya chini ya mikromita 80 unayoweza kupata, hata mabaki. Mzani niko nao.

Oti_Molds

Ya 75 iko, rola nzima. Nitumie inbox.